Sauti ya Mama, Uso wa Binti: Ujana wa Nargis na Asili ya Uigizaji wa Wanawake katika Bara Hindi

Dadasaheb Phalke alipokuwa akitayarisha Raja Harishchandra, filamu iliyoonyeshwa kwa umma mjini Bombay tarehe 3 Mei 1913, alimtafuta mwanamke wa kuigiza nafasi ya malkia Taramati akamkosa. Na ingawa alishuka hata katika mitaa ambayo waungwana hawakuthubutu kuonekana wakipita mchana, akiwasihi wanawake wa madanguro kwa maneno mazuri na ahadi ya ujira, nao pia walimkatalia, kwa kuwa waliona kusimama mbele ya kamera ni izara iliyo kubwa kuliko ile waliyokwisha kuizoea. Hatimaye malkia akaigizwa na Anna Salunke, mwanamume aliyekuwa akifanya kazi katika mkahawa, mwenye mikono laini na umbo jembamba. Na kijana huyo alistawi katika kazi yake mpya hata ilipofika 1917, katika filamu ya Lanka Dahan, akawa Rama na Sita pamoja, mume na mke katika mwili mmoja.

Miaka 30 baada ya Taramati huyo wa mkahawani, msichana wa umri wa miaka 14, mwanafunzi wa shule yenye sifa, aliyelelewa katika nyumba iliyojaa vitabu na wageni wa heshima, alisimama mbele ya kamera mjini Bombay akiwa mhusika mkuu, na jina lake likaandikwa Nargis. Baina ya mambo hayo mawili pana masafa marefu kuliko miaka yenyewe, na msafiri aliyeyakata masafa hayo hakuwa binti peke yake. Taarikhi ya waigizaji wa kike wa Bara Hindi, ukiichunguza kwa makini, ni taarikhi ya akina mama waliowashika binti zao mkono.

Mwaka ule ule wa 1913, Phalke alifanikiwa kuwapata wanawake wa kwanza wa filamu yake ya pili, Mohini Bhasmasur, nao walikuwa mama na mwana: Durgabai Kamat, aliyekuwa ameachana na mumewe na kujitafutia riziki katika michezo ya jukwaani, na binti yake Kamlabai, aliyekuwa bado kigoli. Mama huyo hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, maana mwanamke wa tabaka la juu aliyeacha nyumba ya mume alikuwa amekwisha kuhukumiwa, na aliyekwisha kuhukumiwa hana cha kuogopa katika hukumu ya pili. Waliofuata katika zama za filamu za kimya walikuwa wengi wao mabinti wa Kiyahudi au wa damu mchanganyiko ya Kiingereza na Kihindi, kama Ruby Myers, aliyejulikana kwa jina la Sulochana, na Patience Cooper, na Renee Smith aliyeitwa Seeta Devi, ambao jamaa zao hawakufungwa na sheria za utawa zilizowafunga Wahindu na Waislamu wenye nasaba. Kwa kuwa filamu hazikuwa na sauti, haikumdhuru mtazamaji kwamba binti mfalme wa hadithi hakuweza kutamka sentensi moja ya Kihindustani bila ya kuikwaza.

Tarehe 14 Machi 1931 mambo hayo yalipinduka. Siku hiyo katika jumba la Majestic mjini Bombay ilionyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya Bara Hindi iliyosema na kuimba, kazi ya Ardeshir Irani, yenye nyimbo saba. Na mhusika wake mkuu wa kike alikuwa Zubeida, binti wa Fatma Begum, mwanamke yule aliyekwisha kuanzisha kampuni yake mwenyewe na kuelekeza filamu ya Bulbul-e-Paristan mwaka 1926 kabla ya mwanamke mwingine yeyote wa nchi ile. Hapa tena mama na binti. Lakini sauti ilidai kitu ambacho sura nzuri haikuweza kukilipa: ilidai ulimi uliofundishwa Kiurdu fasaha, sikio lililozoea mizani ya ghazali, na koo lililopitishwa miaka chini ya ustadhi. Watayarishaji walipotazama huku na huku wakitafuta wanawake wenye elimu hiyo, walikuta kwamba katika Bara Hindi nzima kundi moja tu ndilo lililoirithi kwa ukamilifu, nalo ni kundi la tawaifu.

Tawaifu walikuwa wanawake wa nyimbo, ngoma na mazungumzo ya adabu, ambao baraza zao katika Lucknow, Benares, Allahabad na Delhi ziliwapokea watawala, washairi na matajiri. Na husimuliwa kwamba baadhi ya wenye vyeo waliwapeleka vijana wao huko wakajifunze namna ya kuketi, kusalimu na kuzungumza. Katika Lucknow, baada ya maasi ya 1857, majina yao yalikutwa katika madaftari ya kodi miongoni mwa raia wenye mapato makubwa kabisa, na mali za wengi wao zilitwaliwa na Waingereza kwa tuhuma za kuwasaidia waasi. Baada ya hapo hali yao iliporomoka daraja kwa daraja: majumba ya watawala yaliyowalisha yalifilisika, na mwishoni mwa karne ile wamisionari pamoja na Wahindi waliosoma walianza kampeni ya kuwataka watu wote wenye heshima wasihudhurie ngoma zao, hata mwanamke aliyekuwa na ilimu ya muziki kuliko mwanamume yeyote wa mji wake akahesabiwa sawa na yule anayeuza mwili wake kizingitini. Basi ilimu ikabaki, na heshima ikaondoka.

Katika uzao wa namna hiyo alizaliwa Jaddanbai mwaka 1892, binti wa Daliabai wa Allahabad. Alifundishwa thumri, aina ya wimbo ambao neno moja hugeuzwa na kurudiwa kwa maana tofauti hata likachosha maana zote, na miongoni mwa waalimu wake walikuwa Bhaiya Ganpat Rao na Moizuddin Khan, ambao majina yao hutajwa hadi leo na wenye kuijua fani hiyo. Aliimba katika majumba ya watawala wa Rampur, Gwalior na Indore, na sauti yake ikaingia katika santuri. Kwa msomaji wa pwani yetu habari hizi hazina ugeni, kwa sababu mnamo 1928 mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, mfinyanzi na mwana wa mfinyanzi, alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ile ile akatie sauti yake katika santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa pwani kufanya hivyo. Naye pia alikuwa amesikia mengi ya dharau juu ya asili yake kabla ya kuitwa na wakubwa waje wamsikilize. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake kwa wasifu uliotukuka. Siti na Jaddanbai walikuwa wa rika moja katika fani, na wote wawili walijua kwamba santuri ilikuwa na insafu ambayo watu hawakuwa nayo: ilichukua sauti bila ya kuuliza ukoo.

Mwaka 1929, tarehe 1 Juni, Jaddanbai alijifungua binti mjini Calcutta, akaitwa Fatima. Baba yake, Uttamchand Mohanchand, alikuwa Mhindu wa jamaa tajiri ya Rawalpindi aliyekusudia kusomea udaktari. Alimpenda mwimbaji huyo, akasilimu, akachukua jina la Abdul Rashid, na kwa kufanya hivyo akatengwa na nyumba yao, asipate tena urithi wala shahada. Jaddanbai alikuwa na watoto wengine wawili wa kiume, Akhtar Hussain na Anwar Hussain, na mzigo wa nyumba nzima ulikuwa juu ya koo lake. Ndipo filamu zilipoanza kuimba, naye akatambua mapema kuliko wenzake wengi kwamba baraza za nyimbo hazitarudi katika utukufu wao, na kwamba mlango uliofunguliwa na Alam Ara huenda usikae wazi milele. Mwaka 1933 aliigiza katika Raja Gopichand. Kisha akahamia Bombay na aila yake, akaanzisha kampuni ya Sangeet, na mwaka 1935 akatoa Talash-e-Haq, ambayo aliigiza ndani yake na kuitungia muziki, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kutunga muziki wa filamu katika nchi ile. Mwaka uliofuata alitoa Madam Fashion, ambayo aliiandika na kuielekeza mwenyewe.

Katika Talash-e-Haq alionekana mtoto wa kike wa miaka sita aliyetajwa kwa jina la Baby Rani. Huyo alikuwa Fatima. Mtoto hakuwa na hiari katika jambo hilo, wala mama hakuona kwamba linahitaji hiari, kwa maana katika nyumba za fani mtoto hutumwa kazini kama mtoto wa mkulima atumwavyo shambani. Hata hivyo Jaddanbai hakumfundisha binti yake kuwa tawaifu. Hapo ndipo pana siri ya habari hii yote. Mama aliyekuwa amemiliki ilimu ya vizazi viwili, na ambaye mila ilimtaka aikabidhi kwa binti wa kizazi cha tatu, aliizuia makusudi. Hakumkalisha Fatima chini ya ustadhi kwa miaka ya mazoezi, bali alimtia katika shule ya Queen Mary mjini Bombay, akajifunze Kiingereza, hesabu na kuogelea pamoja na mabinti wa mawakili na wafanyabiashara. Msichana aliipenda shule, na akatia nia ya kuwa daktari, ile ile nia ambayo baba yake alishindwa kuitimiza.

Wakati huo huo mjini Delhi palikuwa na mfano wa mambo hayo uliogeuzwa juu chini. Naseem Banu, binti wa mwimbaji mwingine maarufu, alikuwa na mama aliyetaka sana awe daktari, na yeye mwenyewe akitaka sana filamu, hata akagoma kula mpaka mama aliporidhia aigize katika Khoon ka Khoon, filamu ya Sohrab Modi ya mwaka 1935 iliyotokana na Hamlet ya Shakespeare. Alidhani atarudi darasani baada ya filamu kwisha. Lakini shule yake ilishtushwa na jambo hilo, na masomo yakakomea hapo. Kwa hiyo mama wawili wenye asili moja waliyaona mambo mawili, udaktari na filamu, kuwa ni njia mbili za kumtoa binti barazani, nao wakatofautiana tu katika kukisia ni ipi iliyo salama. Na kisa cha Naseem kilionyesha kwamba njia hizo hazikuweza kupitwa zote mbili kwa pamoja, maana aliyeingia katika ya pili alifungiwa ya kwanza.

Fatima, ambaye sasa aliitwa Nargis, aliingia katika njia ya pili mwaka 1943. Mehboob Khan, mwelekezi aliyekuwa akipanda daraja kwa haraka na aliyezoeana na nyumba ya Jaddanbai, alikuwa akitafuta uso mpya kwa filamu yake ya Taqdeer. Alimtazama binti wa miaka 14, akamjaribu mbele ya kamera, na akamweka pamoja na Motilal, mwigizaji mwenye jina na umri uliomzidi mbali. Udaktari ukaishia hapo. Nyumba ilikuwa na madeni, maana kampuni za filamu zilizoanzishwa na wasanii wenyewe zilipata hasara upesi, na ujira wa binti haukuwa anasa bali tegemeo.

Katika Taqdeer pana jambo moja ambalo watazamaji wa wakati ule huenda hawakulijali, nalo lina uzito kuliko mengi yaliyosifiwa. Nyimbo za Nargis hakuziimba yeye. Aliziimba Shamshad Begum, na Nargis akachezesha midomo. Ufundi huo wa kuazimana sauti ulikuwa umeanza mjini Calcutta mwaka 1935, katika Dhoop Chhaon ya Nitin Bose, ambapo kwa mara ya kwanza nyimbo zilirekodiwa mbali na kisha zikaunganishwa na nyuso za waigizaji. Na kufikia miaka ya 1940 ulikuwa umekwisha kuwa desturi. Hapo awali mwigizaji wa kike alipokelewa kwa sababu ya koo lake, na koo lake lilitangaza asili yake, kwa kuwa kila aliyesikia thumri ikiimbwa kwa ufundi alijua papo hapo ni baraza gani iliyoifundisha. Ufundi mpya uliitenga sauti na uso. Mwimbaji alibaki ndani ya chumba cha kurekodia asionekane, na mwigizaji alibaki mbele ya taa asisikike akiimba. Na binti wa Jaddanbai, ambaye mama yake hakumtia katika uimbaji, aliweza kusimama mbele ya nchi nzima bila ya kubeba katika mwili wake alama ya wazi ya kazi ya bibi yake.

Asidhani mtu kwamba alama hiyo ilikuwa jambo dogo. Mnamo 1946, Vallabhbhai Patel aliposhika idara ya habari katika serikali ya mpito, radio ya taifa iliamriwa isiwape nafasi waimbaji ambao mwenendo wao wa nyumbani ulihesabiwa kuwa fedheha ya umma. Na wanawake waliokuwa wamehifadhi muziki wa nchi ile kwa vizazi walijikuta wakitakiwa kwanza wathibitishe kwamba wameolewa. Mlango wa sauti ulikuwa ukifungwa katika miaka ile ile ambayo mlango wa uso ulikuwa ukifunguka. Jaddanbai hakuweza kuyajua yote hayo kabla ya wakati wake, lakini mwelekeo wa upepo aliusoma.

Ikumbukwe pia kwamba heshima iliyotafutwa haikupatikana siku moja. Mwandishi Saadat Hasan Manto, aliyefanya kazi katika studio za Bombay na kuifahamu nyumba ile, aliandika baadaye jinsi mkewe pamoja na shemeji zake walivyokuwa wakimpigia Nargis simu kwa siri bila ya kujitaja, hata urafiki ukakua baina ya sauti zisizojuana. Na siku walipotaka kumwendea nyumbani walihangaika namna ya kumficha mwenye nyumba yao, kwa vile haikuwa desturi ya wanawake wa aila zenye staha kuzuru nyumba ya mwigizaji. Manto mwenyewe hakuona ubaya wowote. Lakini hofu ya wanawake wale yatosha kuwa ushahidi: wasichana wa nyumba nzuri walimpenda Nargis, walimwiga, walitamani mazungumzo yake, na bado kizingiti chake kilikuwa mbali na chao.

Kwa sababu hiyo Jaddanbai alimlinda binti yake kwa ukali ambao katika nyumba nyingine ungeitwa uchungaji wa mwari. Mikataba ilipita mikononi mwake. Ujira aliukubali au kuukataa yeye. Na alipotakiwa kumruhusu binti aende Kashmir kupigwa picha za filamu ya Barsaat alikataa katakata, hata mwelekezi wake, Raj Kapoor, akalazimika kuitafuta Kashmir yake katika milima ya Mahabaleshwar, isiyo mbali na Bombay. Katika muda huo Nargis alikuwa ameigiza Humayun ya Mehboob mwaka 1945, pamoja na Ashok Kumar, na Romeo and Juliet mwaka 1947, ambayo ilielekezwa na kaka yake Akhtar Hussain. Raj Kapoor alipofika nyumbani kwao mara ya kwanza, alimtaka Jaddanbai amweleze habari za studio moja. Aliyemfungulia mlango alikuwa msichana aliyetoka jikoni kukaanga bajia, akajisukuma nywele kwa mkono uliojaa unga wa dengu, na unga ukabaki kichwani. Kapoor hakuusahau unga huo, akaja akauweka katika filamu yake ya Bobby, mwaka 1973. Jikoni ile ina maana yake: nyumba ambayo binti anakaanga bajia na mama anapokea wageni sebuleni ndiyo nyumba ambayo Jaddanbai alikuwa ameijenga mahali pa baraza.

Baada ya Aag ya mwaka 1948, filamu ya kwanza iliyoelekezwa na Raj Kapoor, ukaja mwaka 1949, ambao ulimpandisha Nargis juu ya wote wa hirimu yake. Mehboob alitoa Andaz, iliyolifungua jumba jipya la Liberty mjini Bombay, ambayo Nargis aliigiza binti tajiri wa kisasa kati ya Dilip Kumar na Raj Kapoor. Na Kapoor naye akatoa Barsaat. Katika filamu zote mbili sauti ya nyimbo za Nargis ilikuwa ya Lata Mangeshkar, msichana wa karibu umri wake, ambaye mwaka huo huo naye alipata umaarufu usiotikisika; na tangu hapo watu wakazoea kuupenda uso wa mmoja na sauti ya mwingine bila ya kuona kwamba kuna chochote kilichogawanywa. Tarehe 8 Aprili 1949, katikati ya ushindi huo, Jaddanbai alifariki. Binti yake alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wengi na hayahitaji kurefushwa. Awaara ya mwaka 1951 ilivuka mipaka hadi Urusi, na hadi pwani yetu, ambako filamu za Kihindi zilikuwa zimekwisha kuwa sehemu ya maisha ya mjini: Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, ambalo baadaye liliitwa Majestic, na palikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, ambapo mabibi wa Mji Mkongwe walihudhuria bila ya kuvunja sitara. Mwanamke wa Kiswahili aliyekaa gizani akimlilia Nargis hakujua habari za Daliabai wa Allahabad, wala hakuzihitaji. Na taarabu iliazima tuni kutoka filamu zile kama filamu zilivyoazima kutoka barazani, hata huenda mapito mengine yaliyotoka katika koo za tawaifu yakafika Vuga na Malindi bila ya mtu kuyauliza pasi ya kusafiria. Mwaka 1957 ilitoka Mother India. Mwaka 1958 Nargis akapewa nishani ya Padma Shri na serikali, akaolewa na Sunil Dutt, akaiacha kazi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1980 akateuliwa kuingia katika baraza la juu la Bunge la India. Na tarehe 3 Mei 1981 akafariki, siku ile ile ya mwezi ambayo Raja Harishchandra ilionyeshwa mjini Bombay miaka 68 kabla yake.

Wanaosimulia ujana wa waigizaji hupenda kusema kwamba kipaji kiligunduliwa, kana kwamba kilikuwa kimelala njiani kikaokotwa na mwelekezi mwenye bahati. Habari ya Nargis haikubali usemi huo. Mehboob alimkuta mahali alipokuwa amewekwa, na aliyemweka alikuwa mama aliyehesabu kwa makini ni kipi cha kurithisha na kipi cha kunyima. Alimrithisha ujasiri wa kutazamwa, adabu ya lugha, na maarifa ya soko. Alimnyima wimbo, ambao ndio ulikuwa johari ya ukoo. Heshima aliyoipata binti ilikuwa ya haki, na wengi walinufaika nayo, kwa kuwa baada yake mabinti wa nyumba za kila namna waliweza kuingia studio bila ya kuvunja uhusiano na jamaa zao. Lakini heshima hiyo ilikuwa na bei, na bei yake ililipwa na waimbaji wa barazani waliobaki nyuma, wasiokuwa na binti wa kumpeleka mbele ya kamera wala radio ya kuwapokea, ambao sanaa yao iliendelea kusikika kila jioni katika majumba ya sinema hali wao wenyewe wamekatazwa kuonekana. Mwenye kuandika taarikhi ya mwigizaji yule na asiwahesabu wanawake hao atakuwa ameandika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyofundisha ile nyingine.